Chaji ya Simu ya Mama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Sidi alichomoa simu ya mama yake kwenye umeme na kuiweka kando ya kitanda. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa na baba yake, Tinga, tangu mama alipokaribia kujifungua. Tinga alifanya kazi kiwandani Changamwe, mbali na nyumba yao ya Ziwa la Ng'ombe. Mkunga alikuwa ameonya kwamba uzazi uliopita mama alitoka damu nyingi, hivyo uchungu ukianza asicheleweshwe hata kidogo.

Wiki hiyo simu ilianza vituko. Asubuhi imejaa chaji, adhuhuri imekwisha. Ilipata moto hata pale isipoguswa na mtu.

"Sidi!"

"Abee, baba."

"Umeweka kitu kipya kwenye simu hii?"

"La, baba. Betri imechoka tu."

Uongo mtupu! Alikuwa ameweka programu ya baruapepe aliyoonyeshwa na rafiki yake Cheryl, yenye rangi za kupendeza na mlio wa kengele. Ile iliyokuja na simu aliiona imepooza. Tena aliipanga hiyo mpya itafute barua kila dakika, maana alikuwa akingoja majibu ya shindano la uchoraji. Moyo ulimwambia kwamba ndiyo inayomaliza chaji, lakini aliogopa kukemewa.

Jumamosi mawingu meusi yalitanda na stima ikapotea. Sidi alikuwa akiosha vyombo aliposikia mama akiguna chumbani.

"Mwanangu, mpigie yule dereva Najib alete tuktuk. Fanya hima!"

Sidi alibonyeza simu. Kioo kilibaki cheusi. Alibonyeza tena na tena, huku damu ikianza kulowesha leso ya mama.

Alitoka mbio hadi kwa jirani yao, Mama Nafula. Mama Nafula alikuwa na simu, lakini namba ya Najib nani aijue? Ilikuwa ndani ya simu iliyozima, pamoja na ya baba. Sidi aliangua kilio. Mama Nafula alikimbilia barabarani kutafuta gari lolote, naye Sidi akarudi kumshika mama mkono. Mkono ulikuwa baridi, na mama hakuguna tena.

Gari lilipatikana kwa taabu. Hospitalini mama aliponea chupuchupu, akajifungua mtoto wa kiume. Jioni baba alitoka kazini, akaelekezwa hospitalini na majirani. Alipofika, Sidi alimweleza yote kabla ya kuulizwa.

Tinga alichaji simu, akatazama matumizi ya betri. Programu ile ilikuwa imekula chaji kuliko nyingine zote. Akaifuta.

"Hii ya zamani huleta barua ukiifungua wewe," alisema. "Hiyo yako haikuipumzisha simu hata kidogo."

"Nimekosa, baba. Nisamehe."

Tinga alimtazama mkewe, aliyelala na dripu mkononi.

"Kuchagua programu vibaya ni kosa dogo, hata mimi ningekosea. Lakini nilikuuliza, Sidi. Ungeniambia kweli siku ile, ningeifuta papo hapo. Leo umeniambia, nami nimekusamehe, ila mama yako nusura aondoke duniani, ukweli huo ukiwa bado mdomoni mwako."