Paka Aliyesomewa

Mchana wa jua kali pale mtaani Bwiza, Waridi amejilaza mkekani, paka akaita jina lake. Waridiii. Kwa kuvuta mwisho, vile vile alivyokuwa akiita marehemu mama mkwe.

Mguu ulikwisha anza kutafuta ndara ndipo akakumbuka kwamba mama mkwe amezikwa, na yeye sasa ni mtu wa kupumzika. Nani angemnyima? Miaka yote ile bibi alilala chumba cha nyuma, mwili umepooza, kazi yake kuita: Waridi, maji, Waridi, nigeuze. Waridi akageuza mpaka mgongo wake mwenyewe ukakataa. Msibani alilia machozi ya kweli kabisa. Kisha akalala usingizi mnono, wala hakuona haya.

"Ni paka ule," alisema Hamimu, mumewe, fundi wa magari, alipoambiwa. Ndiye aliyemleta paka huyo; alipewa na mteja wake wa Kigobe, Madamu Joëlla, aliyekuwa anahamia Ulaya. "Nimesoma kwa simu. Paka za Siamu zinasema sana, zinaita kama mutoto. Njo zilivyo."

Basi wakamzoea. Mwili rangi ya maziwa, uso na masikio meusi kama amechungulia chungu, macho ya buluu yenye makengeza. Baridi hakuitaka, upweke hakuutaka, alimfuata Waridi jikoni, bombani, hata chooni. Waridi, aliyechoka kuhitajiwa, alimpenda hivyo hivyo, maana huyu alitaka paja tu. Jambo moja lilimkera: kutwa alikaa kizingitini pa chumba cha nyuma, manyoya yamesimama, akikodolea macho kitanda kitupu.

Sauti ikazidi. Ikaita alfajiri, ikaita adhuhuri, ikaita Waridi akiwa na sabuni usoni, na kila ilipoita ilikuja na harufu ya mafuta ya karafuu aliyokuwa akimchulia bibi, mpaka akawa anakaa tu, sahani mapajani, chakula kimepoa, anangoja kuitwa. Siku moja ikasema, "Waridi, nigeuze."

"Paka inasema nigeuze, Hamimu?" aliuliza kwa kunong'ona.

Hamimu alimwita Mwalimu Ilyasi wa msikitini, naye akamshika paka, akamsomea aya, akamfukiza ubani, akamnywesha kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa, kwa kijiko. Masikini paka alivumilia. "Jini ilikuwa mule ndani," alisema Mwalimu. "Ikirudi kukuita, usiitike. Mwenye kuitika amekubali kuitumikia."

Kukawa kimya. Waridi akalala.

Ijumaa Madamu Joëlla alipita kuaga. Paka akamrukia mapajani, akafungua mdomo wazi, koo likatetemeka, na hakikutoka kitu.

"Pole yake," Joëlla akacheka. "Mlijuaje anachotaka, na bubu huyu? Alikatwa uvimbe kooni angali mudogo. Toka siku ile, sauti apana."

Hamimu akamtazama mkewe, mkewe akatazama sakafu.

"Waridiii," sauti iliita kutoka chumba cha nyuma. "Nigeuze."

"Kumbe muko na mugonjwa?" Joëlla akauliza kwa heshima, akishusha sauti.

Hamimu alimshika mkewe mkono. "Usiitike, tafadhali. We nyamaza tu."

Waridi akanyamaza. Ikaita tena, na tena, kwa uvumilivu ule ule aliokuwa nao bibi, wa mtu anayejua kwamba utakuja tu, na Waridi akaziona mbele yake siku zote za kukaa amekaza meno asifungue mdomo, mchana na usiku, hata uzeeni, akaona kwamba kutoitika nako ni kazi, tena haina kupokezana. Alichoka. Alichoka hadi kwenye mifupa.

"Abee, mama," aliitika.

Akatoa mkono wake mkononi mwa Hamimu, akaingia chumba cha nyuma. Kitanda kilikuwa kitupu, shuka limenyooka. Akainama kama alivyozoea, akapitisha mikono yote miwili, ili ageuze, na mikono ikapata mzigo.