Mlango wa Aliyelipa

Zaida alikuwa mtu wa kuuliza. Sokoni aliuliza samaki amevuliwa lini na nani. Hospitali aliuliza kila kidonge ni cha nini, mpaka siku moja nesi akamwambia aje akae yeye kwenye kiti chake. Mumewe, Aiuba, alishamzoea. "Mama Rachida," alikuwa akimtania, "maswali yako yangelipwa mshahara, tungekuwa tunakaa ghorofani."

Waliishi Palma, kaskazini mwa Msumbiji, katika nyumba ya udongo yenye paa la makuti. Aiuba aliosha vyombo katika jiko la wafanyakazi wa mradi wa gesi kule Afungi. Zaida alilima mpunga na mihogo. Binti yao, Rachida, alikuwa darasa la saba. Paani walikuwa na sola iliyowasha taa mbili ndani, na Rachida alisoma kwa taa hizo. Lakini makuti yalikuwa yameoza. Kwa mwaka mzima walijinyima, wakaweka akiba ya metikali elfu nane. Walitaka kununua mabati kabla ya mvua.

Jumatatu moja asubuhi mtu alipiga hodi. Alikuwa Bi Yusra.

Zaida hakuwa amemwona tangu vita. Zamani Bi Yusra, ambaye wazazi wake walitoka Mtwara, alikuwa na duka hapo Palma. Vita ilipofika mjini, kila mtu alikimbia njia yake. Zaida na Aiuba walifika Pemba, mji mkuu wa jimbo, na mtoto, nguo chache, na sola ambayo Aiuba aliibeba kichwani. Bi Yusra alivuka mto Rovuma, akaingia Tanzania. Duka lake liliungua lote. Sasa alikuwa ameanza upya Namoto, mpakani, kwa meza moja ya bidhaa.

Walisalimiana kwa muda mrefu. Waliulizana habari za waliokufa na za waliopona. Kisha Bi Yusra akatazama paani.

"Ile sola niliwakopesha mimi," alisema. "Daftari langu liliungua na duka. Na kichwa changu kimepitiwa na mengi. Nisaidieni kukumbuka. Mlimaliza kunilipa, au bado?"

Zaida alifungua mdomo. Aiuba akamwahi.

"Bi Yusra, hayo mambo ya zamani. Tupe siku mbili tatu tuulizane."

"Haya. Nipo hapa kwa mdogo wangu mpaka Ijumaa," alisema Bi Yusra, akaaga.

Alipoondoka, Zaida alimgeukia mumewe. "Tuulizane nini? Sola ilikuwa elfu kumi na mbili. Tulilipa elfu tano, vita ikaja. Wewe unajua, na mimi najua."

Aiuba alishusha sauti. "Kuna kitu Valter aliniambia."

Valter alikuwa mpishi kule Afungi. Alikuwa amesoma mpaka sekondari, na jikoni wote walimwamini kwa mambo ya karatasi.

"Anasema ipo lei, sheria ya serikali," Aiuba aliendelea. "Deni la dukani likipita miaka miwili, limekufa. Hata tribunal, mahakama yenyewe, haiwezi kulifufua. Letu lina zaidi ya miaka minne."

"Nani amelifanya life?"

"Sheria."

"Na sheria ina faida gani kuua deni la watu?"

"Sikuitunga mimi, Mama Rachida. Ninachojua, hela ya mabati imebaki."

Zaida aliyataka mabati hayo kweli. Mvua iliyopita walilala wamekaa, na sufuria zimetegwa kila pembe. Lakini swali halikumwacha. Watu wakae kitako, waandike sheria ya kumsaidia mtu asilipe alichonunua? Walikuwa wanawaza nini? Na aliona aibu pia. Neno "bado" alikuwa nalo mdomoni asubuhi ile, na alilimeza.

Kesho yake Aiuba alikuwa na mapumziko. Zaida alimvuta mpaka kwenye baraza ya ofisi ya chama kimoja cha akina mama. Hapo, kila Jumanne, alikaa Dona Anabela. Kazi yake ilikuwa kuwaeleza watu sheria bila malipo. Alikuwa mtu wa Pemba, mwenye miwani mikubwa na subira kubwa zaidi.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Valter hakukosea sana," alisema. "Ipo kwenye código, kitabu cha sheria. Umenunua kitu dukani kwa matumizi ya nyumbani. Ikipita miaka miwili bila kushtakiwa, sheria inakuchukulia kuwa umelipa."

Aiuba alimtazama mkewe kama aliyefunga bao.

"Kuwa nimelipa?" Zaida aliuliza polepole. "Siyo kuwa deni limekufa?"

Dona Anabela aliweka kalamu chini. "Hapo hapo. Wengi wanaparuka. Niambie, risiti ya mafuta ya kupikia uliyonunua mwaka juzi iko wapi?"

"Nani anatunza risiti ya mafuta?"

"Basi tuseme leo mwenye duka anakuja, anasema hukulipa. Utajitetea kwa nini?"

Zaida alifikiri. "Kwa mdomo wangu tu."

"Sheria ililiona hilo," alisema Dona Anabela. "Watu hulipa, karatasi hupotea. Kwa hiyo baada ya miaka miwili ikasema: huyu tumwamini, alilipa. Huu ni mlango wa aliyelipa akapoteza karatasi."

"Kumbe," alisema Zaida. Alifurahi kabisa. Tangu jana swali hilo lilikuwa likimwasha. "Na asiyelipa je?"

"Anaweza kujaribu kupita. Lakini mlangoni pana swali moja. Jaji atamuuliza: ulilipa?"

Aiuba alikohoa. "Mimi kusema uongo siwezi. Nitanyamaza tu. Kunyamaza si uongo."

"Senhor Aiuba, ukiitwa mahakamani ukakataa kujibu, au ukakataa kuapa, inahesabiwa kuwa umekiri deni. Kunyamaza hakukuokoi. Kupita pale ni kusimama na kusema nimelipa."

Aiuba alivua kofia yake, akaitazama ndani. "Hilo Valter hakuniambia." Kisha akasema, "Lakini Bi Yusra hatakwenda mahakamani. Hana hata daftari."

"Pengine hatakwenda. Basi sheria inaishia hapo, mnabaki nyinyi na yeye. Hilo mimi siwezi kuwaamulia."

Zaida alikuwa bado hajashiba. "Kwani anayedaiwa hana haki yoyote?"

"Anazo, na asizionee haya. Mngekuwa mmelipa, ningewasukuma kwenye mlango huo mimi mwenyewe. Muuzaji angewauzia sola mbovu, au angewaongezea hela msiyokubaliana, ningewasaidia kupinga. Wala hana ruhusa ya kuja kuing'oa sola kwa nguvu. Na kama hamna hela yote, ombeni kulipa kidogo kidogo. Mkikubaliana, andikeni karatasi mbili zinazofanana, kila upande ubaki na yake. Kila mkilipa, ombeni risiti."

Njiani Aiuba alitembea akiizungusha kofia mkononi. Karibu na nyumbani alisimama.

"Angekuja na daftari, ningelipa bila neno," alisema. "Kinachonishinda ni kwamba ameniuliza mimi."

Zaida alitangulia ndani, akaitoa akiba yao, akaihesabu upya.

Alhamisi walikwenda kwa Bi Yusra. Walimkuta uani anakunja vitenge vya kuuza.

"Nimejitahidi kukumbuka," alisema kabla hawajakaa vizuri. "Nadhani mlibakiza elfu nne. Nimekosea?"

Zaida alipiga hesabu. Elfu nne. Wangelipa, wangeshukuriwa, na elfu nne nyingine ingebaki ya mabati. Hapakuwa na mtu mwingine duniani ambaye angejua. Alimtazama mumewe.

"Umekosea, Bi Yusra," alisema Aiuba. "Ni elfu saba."

Bi Yusra aliacha kukunja. "Nimepita nyumba tisa wiki hii," alisema. "Wote wameniambia walilipa. Pengine ni kweli. Sijui, na kutojua huko kunaniuma kuliko hela zenyewe."

Walikubaliana elfu mbili siku ile ile, kisha elfu moja kila mwezi kwa miezi mitano. Waliandika karatasi mbili. Zaida aliuliza maana ya kila mstari, mpaka Bi Yusra akacheka na kusema angemwajiri dukani.

Elfu sita iliyobaki ilinunua mabati ya kutosha chumba kimoja. Chumba hicho walimpa Rachida. Mvua za mwaka ule ziliwanyeshea wazazi, na Zaida alilalamika waziwazi, usiku na mchana. Lakini Bi Yusra alipopita Palma, alikaribishwa chai, na hakuna aliyetafuta pa kujificha.

Mwezi wa tano wa kulipa, Aiuba alipanda chapa, basi dogo la abiria, mpaka Namoto na elfu moja ya mwisho. Bi Yusra aliihesabu, akaitia mkobani. Aiuba bado alikuwa amesimama mbele ya meza.

"Na risiti?"

"Mimi na wewe, mpaka leo, bado unataka karatasi?"

"Nataka, Bi Yusra. Na ikija kupotea pia si kitu. Siku nikiulizwa kama nililipa, nitaapa."