Nukta ya Shahenda

Kila asubuhi Shahenda alinunua mkate wa maharage mbele ya lango la shule yao mjini Mansura, Misri, akala huku akiwacheka waliokuwa bado wanahangaika na kazi ya nyumbani. Siku hiyo aliyechekwa ni Riham, aliyekuwa akihesabu kwa vidole.

"Shoga, vidole vitakuishia," alimwambia. "Mashindano ya sayansi waachie wenye akili."

Nafasi ya mashindano ilikuwa moja tu, na Shahenda aliitaka. Ingeenda kwa atakayelieleza vizuri swali la klorini. Klorini ina atomu za aina mbili, yaani isotopu: nyepesi zina uzito wa 35, nzito 37. Wastani ni thelathini na tano na nusu. Je, kila aina ni asilimia ngapi?

Shahenda hakujisumbua. Alinakili kazi ya binamu yake, Nihal, anayesoma shule ya Kiingereza. Huko desimali huandikwa kwa nukta, kama 35.5. Katika tarakimu za Kiarabu, walizotumia shuleni kwao, nukta ni sifuri, na alama ya desimali ni mkato. Shahenda alibadilisha tarakimu zote, nukta akaiacha palepale.

Mwalimu wao, Abla Insaf, kwani huko mwalimu wa kike huitwa Abla, akamwita ubaoni, akamwambia aandike wastani na kuusoma.

"Elfu tatu mia tano na tano," Shahenda akasoma bila kupepesa macho.

Darasa likaangua kicheko. Abla Insaf hakucheka.

"Yaani thelathini na tano na thelathini na saba, wastani wake maelfu? Nani kakufanyia?"

Shahenda akasingizia kalamu. Mwalimu akamtazama kama anayetazama nzi kwenye chai, mpaka Shahenda akamtaja Nihal.

Basi akaamriwa akae na Riham mpaka aelewe. Riham akamweleza kwa ufupi: kutoka 35 hadi wastani ni nusu, kutoka wastani hadi 37 ni moja na nusu, mara tatu yake. Wastani umeziegemea nyepesi kwa kuwa ndizo nyingi, mara tatu ya nzito, kwa hiyo nyepesi ni tatu katika kila atomu nne: asilimia 75, na nzito 25. Shahenda akarudia peke yake, akapata.

"Nimeweza, Abla," alisema. "Na nafasi?"

"Nafasi ni ya Riham. Jibu la kuiba halikufai kitu, maana hata kulisoma hujui. Asiyejua nitamfundisha. Anayejifanya anajua ananipotezea muda. Kaa, ufanye swali la pili."

Shahenda akakaa, akalifanya.