Roja Haitoshi

Kila Jumamosi nikishamaliza kufua sare za shule, nilikwenda dukani kwa Mjomba Harithi, jirani na soko la Nachingwea. Mjomba alikuwa akitengeneza simu na kuchapisha fomu za watu, lakini ugonjwa wake hasa ulikuwa ndege. Hajawahi kupanda ndege hata siku moja! Ila kwenye kompyuta yake ya zamani alikuwa na mchezo wa kurusha ndege, pamoja na usukani aliounganisha kwa waya na gundi, na alituchukulia mimi na rafiki yangu Teddy kama marubani kweli. Ole wako uite mchezo ule geimu mbele yake.

Alitufundisha maneno. Mwinuko ni urefu wa ndege kutoka usawa wa bahari. Mwelekeo ni upande pua ya ndege inakoelekea, nao husomwa kwa tarakimu tatu. Stoli, watu wengi hudhani ni injini kuzima. Kumbe ni bawa limeacha kubeba kwa sababu pua imeinuliwa kupita kiasi, hata kama injini inanguruma vizuri tu.

Na kulikuwa na roja. Teddy alilipenda neno hilo mpaka akawa anamjibu hivyo mwalimu wa zamu.

"Roja maana yake nimepokea, basi," Mjomba alisema. "Haisemi kama umeelewa. Mnara wa kuongozea ndege ukikupa mwinuko au mwelekeo, uurudie wote kwa mdomo wako, wakusikie. Kama hukusikia, sema sei ageni, yaani rudia. Hakuna rubani aliyechekwa kwa kuomba aambiwe tena."

Jumamosi moja Teddy alikuwa mnara, mimi rubani. Akasema kwa ile sauti yake ya redioni, "Panda mpaka futi elfu tatu, geuka kulia, mwelekeo sifuri tisa sifuri."

"Roja," nikajibu. Nikaendelea kwenda mbele vilevile, chini vilevile, mpaka tukagonga kilima.

"Zuleha! Alikwambia nini mwenzako?" Mjomba aliuliza.

"Sijui."

"Sasa mbona umesema roja?"

Niliinua mabega. Teddy alikasirika, maana abiria wetu wote wa kubuni walikuwa wamekwisha. Mimi sikuhisi chochote. Tangu mama yangu afariki, mwezi wa tatu, nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu ukafa ganzi. Sikulia msibani. Nilihamia kwa Mjomba, nikala nilichopewa, nikaenda shule, nikarudi. Ukiniambia jambo, nilijibu "sawa" ili uondoke. Neno hilo lilifanya kazi vizuri sana. Watu wazima wote waliondoka.

Nyumbani kwa Mjomba alikuwepo pia Bibi Hadija, mama mzazi wa mama yangu na Mjomba. Alikuja kutoka Nandagala kwa ajili ya msiba akabaki kunilea. Bibi alikuwa na presha, na kadi yake ya kliniki ilikuwa ya Ruangwa. Kimwera ndiyo lugha yake, Kiswahili cha haraka kilimpita. Kwa hiyo kila siku ya kliniki nilikwenda naye, nisikilize kwa niaba yake.

Mwezi ule muuguzi alimpima, akatoa pakiti mpya, akaniangalia mimi. Nilimwona akizungumza. Alishika pakiti ya zamani, akaiweka pembeni, akainua kidole kimoja. Dirishani kulikuwa na mwanamke amebeba kapu la samawati kama la mama. Nililitazama mpaka likapotea.

"Umeelewa, mwanangu?" muuguzi aliuliza.

"Sawa," nikasema.

Nje Bibi aliniuliza tumeambiwaje. Nikamjibu kwa Kimwera kwamba dawa zimeongezwa. Sikuwa nadanganya, nilidhani hivyo. Pakiti mpya ingekuja ya nini kama si kuongeza?

Siku nne nilimpa Bibi zote, za zamani na mpya, pamoja na maji kwenye kikombe cha bati. Asubuhi ya siku ya tano, baada ya kuzimeza tena, aliinuka jikoni kuchukua sufuria ya uji, akaanguka. Uji ulimwagika miguuni pake. Macho yalikuwa wazi lakini hakunijibu. Nilimwita Mjomba, na hata hapo sauti yangu ilitoka kavu tu, kama namwitia mteja.

Hospitalini daktari alisema presha imeshuka mno. "Amemeza nini? Semeni upesi, matibabu yanategemea hilo."

"Ametumia alichoandikiwa," Mjomba alisema, huku anatoa simu mfukoni. "Huyo muuguzi wa Ruangwa amemwandikia sumu mama yangu! Namba yake iko kwenye kadi, nampigia sasa hivi anieleze!"

Nilijua ningeweza kunyamaza. Nani angeniuliza? Bibi alikuwa amelala, rangi yake ya majivu, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nilihisi kitu. Niliogopa atakufa. Niliogopa hasa.

"Mjomba, usimpigie," nikasema. "Alieleza. Mimi sikusikiliza. Nikasema sawa." Kisha nikamgeukia daktari. "Amemeza vidonge vya zamani vyote na hiki kipya, siku nne. Leo pia."

Daktari hakunigombeza. Alizitazama pakiti zote mbili, akawaita wenzake, dripu ikawekwa. "Vya zamani alitakiwa kuviacha kabisa," alisema. "Umefanya vizuri kusema. Tungepoteza muda kutafuta ugonjwa mwingine."

Mchana Bibi aliamka akaomba chai. Nikamwomba msamaha.

"Niliona vidonge vingi," Bibi alisema kwa Kimwera, polepole. "Nikasema, mimi sikusikia, mjukuu wangu amesikia. Nikameza."

Hapo nililia. Nililia mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akanipa kanga yake. Nilimlilia Bibi, na nadhani nilimlilia mama pia, kwa yote niliyokuwa sijalia.

Mjomba alinitoa nje, tukaketi kwenye benchi. Nilingoja anifokee. Alisugua viganja.

"Ukisema umeelewa wakati hukuelewa," akasema, "anayeumia ni yule aliyekuamini. Kumbuka hilo maisha yako yote, Zuleha. Kuuliza tena hakukuondolei heshima."

"Ndiyo, Mjomba."

"Ila na mimi nina kosa. Nimewafundisha nyinyi kurudia maneno, halafu mimi mwenyewe kila jioni nakuuliza kama uko sawa. Unasema sawa, naenda kulala. Sijawahi kukuuliza mara ya pili." Alinigeukia. "Basi leo nauliza tena. Uko sawa?"

Neno lile lilikuwa tayari mdomoni, kama kawaida. Nikalimeza.

"Hapana, Mjomba," nikasema. "Siko sawa."

Mjomba hakuondoka.