Moto wa Pili

Kisu kilikuwa na joto. Taslim alikiokota juu ya meza ya karakana asubuhi, jua halijagusa mabati, akakiachia upesi kama mtu aliyeshika kitu kilicho hai. Kilikuwa kimezamishwa kwenye mafuta jana magharibi, na chuma kilicholala mezani usiku kucha huamka baridi kuliko sakafu. Akajiambia ni hali ya hewa, akachukua tupa, akaanza kazi. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Karakana ilikuwa ya ndugu wawili, nje kidogo ya mji wa Ba, na mashamba ya miwa yalianzia nyuma ya ukuta wake. Imdad, mkubwa, ndiye mwenye moto. Alikata springi za malori mabovu, akazifua, akazichoma hadi chuma kiive, kisha akakizamisha ndani ya pipa la mafuta ili kiwe kigumu. Taslim, mdogo, ndiye mwenye mpini. Alichonga mti mgumu wa vesi, akaupachika kwenye msuka, ule mkia wa kisu unaoingia mpinini, akaukaza kwa misumari ya shaba hata unywele usipite. Wakata miwa walisema kisu cha wale wawili mtu anamrithisha mwanawe.

Baba yao na mama yao Jaitun walifariki Taslim akiwa hajaota meno. Imdad alimlea, akamlisha kwa mkono wake, akamfundisha kusema Bismillahi kabla ya kumfundisha kuhesabu. Yeye na mkewe Sairun hawakujaliwa mtoto. Watu wakimuuliza, alikuwa akisema, "Ninaye huyu, ananitosha."

Mwaka uliopita visu vilipasuka mno. Kila mhunzi anaijua sauti ile, ting ndogo ndani ya mafuta, na jasho la siku nzima linakuwa takataka. Imdad akawa mkali kama pilipili, hasemeshwi. Kisha, tangu Idi, hakikupasuka hata kimoja. Taslim alimpa kaka yake mkono wa heri. Imdad akaupokea huku akitazama chini.

Na tangu Idi hiyohiyo, vidole vya Taslim vilianza kupoa. Kwanza ncha, halafu viganja, halafu mikono hadi viwikoni. Tupa ilimponyoka. Msimu wa kuchoma miwa, watu wengine wakitembea vifua wazi, yeye alivaa sweta mchana. Karakanani kukawa na harufu ya nywele zilizoungua, na jioni, kisu kilipotolewa kwenye mafuta, pipa lilivuta pumzi ndefu kama mtu anayefuturu.

Siku moja aliingia jikoni kwa Sairun akitetemeka.

"Shemeji, niwashie oveni niote kidogo."

"Oveni gani? Hiyo imekufa tangu Idi," Sairun alisema, akigeuza chapati. "Kila siku kaka yako anasema ataitengeneza. Hebu nione hiyo mikono. Yarabi, Taslim, mbona kama umetoka kaburini?"

Taslim aliitazama oveni iliyokufa. Kisu kikitoka kwenye mafuta ni kigumu lakini ni kama kioo, kikianguka kinavunjika. Lazima kipate moto wa pili, moto wa taratibu, ndipo kipate ustahimilivu. Miaka yote moto huo ulikuwa oveni ya Sairun. Imdad mwenyewe ndiye aliyevioka, akamletea mdogo wake vikiwa tayari. Na visu vya tangu Idi ukivipinda vinarudi, havivunjiki. Moto wa pili vilikuwa vimeupata, ila si jikoni.

Aliitazama mikono yake, akaelewa joto la visu limetoka wapi, na akaomba Mungu awe ameelewa vibaya.

Imdad alikuwa akizamisha visu magharibi, kwa sababu rangi ya chuma kilichoiva haionekani sawasawa ila kwenye giza dogo. Jioni ile Taslim alijificha nyuma ya mbao za vesi. Alimwona kaka yake akitoa kisu motoni bila kukijaribu kwa sumaku kama kimeiva, bila hata kukitazama, uso wake umeelekezwa ukutani kama kipofu, na badala ya Bismillahi aliliinamia pipa, midomo karibu na mafuta, akasema kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto mchanga, "Taslim, mwana wa Jaitun. Pokea." Kisu kikazama, na hapo Taslim akahisi joto likimtoka kifuani, likishuka tumboni na miguuni na kuondoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka, na kabla hajaanguka aliona, kwenye mafuta yaliyokuwa yakitulia, vidole viwili vifupi, vyeusi, vilivyobabuka ngozi, vimeshika ncha ya kisu kile kama mtoto anavyoshika titi la mama yake.

Imdad alisikia kishindo cha kuanguka. Alikuja, akamwinua, akamweka mapajani.

"Umeniuza," Taslim alinong'ona.

"Punguza sauti. Anasikia."

"Kaka. Mimi."

Imdad alimsugua viganja. "Macho yangu yana ukungu," alisema. "Tangu mwaka jana sioni rangi ya moto. Nilikuwa nabahatisha. Kisu kikapasuka, kingine kikapasuka, nikashikwa na hasira, nikabeba mafuta ya moto nikayamwaga nyuma ya banda. Magharibi, Taslim. Na sikutaja jina la Mungu."

Hata watoto wa Ba wanaambiwa hivyo kabla ya kumwaga maji ya moto au chai: taja jina la Mungu, ili wenye mahali pao, viumbe wasioonekana, wapishe.

"Nilimchomea jini mwanawe. Akaja na mtoto wake ameungua, akakaa ndani ya pipa. Akasema mwanawe anahitaji joto, atanishikia moto nami nimpe mtoto wa nyumba hii." Imdad akafuta pua. "Sina mtoto. Nina wewe tu."

"Ungeniambia macho yameharibika. Ningeshika moto mimi."

"Na mimi niwe nani?"

Taslim alikuwa amejiandaa kusikia kilio, au uongo. Swali lile lilimuuma kuliko vyote, kwa sababu kaka yake aliliuliza kwa dhati, kama mtu asiyejua jibu.

Sairun ndiye aliyemwita maulvi Ghaffar wa msikitini. Mzee alisoma, akanyunyiza maji kwenye pembe zote, akamsimamisha Imdad mbele ya pipa.

"Aliyetoa jina ndiye wa kulirudisha, kwa mdomo wake," alisema. "Halafu zamisha kisu. Kikipasuka, mgeni amemwachia. Kisipopasuka, bado anaye."

Imdad alilia kweli, machozi yakimiminika ndevuni. "Namrudisha Taslim, mwana wa Jaitun. Bismillahi." Kisu kikazama. Wote wanne walisimama bila kupumua.

Ting.

Sairun alisujudu palepale kwenye vumbi. Vidole vya Taslim vilianza kuwasha, vikauma, vikapata moto, naye akacheka kama mwehu. Usiku ule walikunywa yaqona, kile kinywaji cha mizizi, hadi ndimi zikafa ganzi. Imdad akambusu paji la uso, akasema, "Kesho moto ushike wewe. Mimi nitakuvutia mvukuto." Taslim akamsamehe, maana damu ni nzito kuliko maji. Nani angemnyima?

Basi Taslim akashika moto. Visu vyake vingine vilipasuka, vingine vikapona, kama ilivyo haki ya kazi. Imdad alivuta mvukuto bila kusema neno. Wateja walipoingia walimpita, wakaenda kuzungumza na mdogo.

Msimu wa miwa ulipokaribia kwisha, Taslim alikuta mezani kisu asichokizamisha yeye. Kilikuwa kizuri, kimenyooka, hakina ufa.

"Nilijaribu mwenyewe jana ulipokuwa sokoni," Imdad alisema kutoka mlangoni, akitoka. "Mkono haujasahau. Nipachikie mpini."

Sairun akaingia na chai. Alikuwa amejifunga shali, na juu ya shali, blanketi.

"Taslim, hivi Ba imeingia baridi, au ni mimi tu?" Alimpa kikombe. Vidole vyake viligusa vya Taslim, na vilikuwa kama samaki aliyetolewa kwenye barafu. "Tangu jana sipati joto," alisema, akarudi jikoni akijikokota.

Taslim alikigusa kisu. Kilikuwa na joto.

Maulvi alikuwa ameomba lirudishwe jina moja, na jina moja ndilo lililorudishwa; mgeni mwenyewe hakuambiwa atoke. Taslim hakutaka kufikiri zaidi. Alikifunga kisu kwenye jiliwa la meza, akalibana, akainua nyundo kubwa kwa mikono miwili ili akivunje kabla hakijapata mpini, akapiga kwa nguvu zake zote. Kisu kikainama hadi nusu, kikatetemeka, kikarudi kunyooka.

Jikoni, Sairun alipiga ukelele, na vyombo vikaanguka.

Taslim aliinua nyundo tena, na mkono mkavu ukamshika kifundo cha mkono kutoka nyuma, kwa upole, kama ulivyokuwa ukimshika zamani alipokuwa akifundishwa tupa.

"Taratibu, mdogo wangu," Imdad alisema. "Utamvunja shemeji yako."