Hori la Harusi ya Bibi Morwenna

Kila Jumamosi asubuhi Tamsin alivuka daraja kwenda kwa bibi yake, Bibi Morwenna, kuoka mikate midogo ya zafarani. Jumamosi hii bibi alikuwa akikanda unga huku akifanya mazoezi ya kiapo cha ndoa. Wiki iliyofuata angeolewa na mzee Jago, mfuga nguruwe wa ng'ambo ya kilima, naye alishikilia maneno ya Kiingereza cha kale ya kitabu cha kanisa.

"Nakupa 'troth' yangu," alisema bibi, akimnyooshea mwiko bwana harusi asiyekuwepo.

Tamsin akasikia "trough", yaani hori la kulishia nguruwe.

"Bibi, hori la nini tena? Mzee Jago si anayo tele!"

Bibi alicheka mpaka akatafuta kiti. "Wee mtoto utaniua! Ni 'troth', si hori. Hata mimi ilibidi nimuulize kasisi. Kumbe ni neno lile lile 'truth', ukweli. Zamani wengine walilitamka hivi, wengine vile."

"Kwa hiyo unampa ukweli?"

"Na uaminifu. Hiyo ndiyo maana ya kwanza, kwamba mtu hatakugeuka. Maana ya jambo la kweli ilikuja baadaye."

"Makubwa! Neno moja, maana mbili?"

Neno hilo likamkumbusha Tamsin Jumamosi iliyopita. Bibi alipomuuliza kama anaifurahia ndoa hii, alikuwa amejibu, "Sana!" Uongo mtupu. Aliogopa Jumamosi zao zingekwisha.

"Bibi, nilikudanganya," alisema, machozi yakimlengalenga. "Sifurahi. Ukihamia kule utanisahau."

Bibi akauacha unga. "Kumbe ni hilo! Nilikuona umenuna, nikadhani humpendi Jago. Leo jioni nilitaka kumwambia tuahirishe harusi!"

"Usiahirishe! Jago simchukii. Nakutaka wewe tu."

"Basi utakuja kule kila Jumamosi. Jago hajui hata kuchemsha yai, tutamfundisha. Kuna jingine ulilonificha?"

"Mikate ya wiki jana ilikuwa migumu."

"Mkorofi wewe!" Bibi akamkumbatia, mikono yote unga. "Sikiliza, mjukuu wangu. Ukinidanganya ili nifurahi, unaniacha peke yangu na furaha ya uongo. Afadhali uniudhi, mradi uko nami."