Kovu la Bibi Tamista

Horioni alikuwa na punda wawili na miguu isiyotulia. Tangu asubuhi alikuwa ametoka nje mara saba kuchungulia njia. Hata punda walianza kumtazama kama mgonjwa.

"Kaa chini," alisema bibi yake, Tamista, aliyekuwa akichambua dengu. "Unanitimulia vumbi."

Horioni hakukaa. Kaisari wa Roma alikuwa ametoa amri. Kila mtu wa Misri aitolee miungu sadaka mbele ya wakaguzi, kisha apewe cheti. Asiye na cheti akamatwe. Wakaguzi walikuwa wameshafika kijijini. Na Bibi Tamista, aliyemlea Horioni, alikuwa Mkristo kwa miaka arobaini na mkaidi tangu kuzaliwa.

Kwa hiyo Horioni alikuwa amefanya jambo la busara sana, kwa maoni ya Horioni. Alimpelekea karani wa wakaguzi mitungi miwili ya pombe. Karani akaandika cheti cha bibi, akakichomeka katikati ya rundo. Wakaguzi wakatia saini bila kukisoma.

"Bibi, mambo yamekwisha," alisema, akikitoa kile cheti kifuani. "Hukuchinja, hukuchoma ubani. Tunza tu hii karatasi."

"Imeandikwa nini?"

"Mambo ya serikali."

Horioni hakujua kusoma. Bibi naye hakujua. Wakamwita jirani yao Didima, mfumaji, aliyejua kusoma ila hakujua kunong'ona.

Didima akasoma: "'Mimi Tamista, umri miaka sabini na miwili, mwenye kovu juu ya jicho la kulia. Siku zote nimeitolea miungu sadaka. Na sasa, mbele yenu, nimemimina divai na kuonja nyama.'"

Bibi aliacha dengu. "Siku zote?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Ni maneno tu, Bibi," alisema Horioni.

"Sikiliza, mwanangu," alisema Didima. "Cheti ni ushahidi. Ukitia jina la mtu kwenye maneno, anayesema ni yeye. Wale wasichana wa kijijini ambao bibi yako aliwafundisha kusali watasikia kwamba miaka yote hiyo alikuwa akiwadanganya. Tena hukumwuliza mwenyewe."

"Ningemwuliza angekataa."

"Basi jibu lake ulikuwa nalo."

Bibi aligusa kovu lake. "Hili ulinipa wewe. Ulikuwa na miaka miwili, ukanirushia kifuniko cha chungu. Hata wakati huo hukutulia."

"Watakuua, Bibi."

"Huenda. Usidhani siogopi. Nipe fimbo yangu."

Horioni alimfuata hadi kwa wakaguzi, akimwomba njia nzima. Bibi aliweka cheti mezani.

"Kovu ni langu," alisema. "Hayo mengine si yangu."

Mkaguzi mkuu alichoka ghafla. "Bibi, rudi nyumbani. Tufanye kama hukuja."

"Nimetembea na magoti haya, baba. Nimekuja."

"Nani alikupa cheti hiki?"

Karani aliinamia wino wake. Horioni alirudi hatua moja nyuma.

"Nimeleta karatasi," alisema bibi. "Sikuleta majina ya watu."

"Basi choma ubani. Chembe moja tu."

"Mimi ni Mkristo."

Walimwuliza mara tatu. Mara ya tatu alijibu kama mtu anayemfukuza mchuuzi mlangoni.

Walimpeleka mjini. Didima alimpelekea mkate gerezani kila siku. Siku ya tisa alirudi na mkate wake. Bibi alikuwa ameuawa kwa upanga, na jibu lake lilikuwa lile lile.

Wiki iliyofuata ikawa zamu ya Horioni kutoa sadaka. Asubuhi aliwaacha punda kwa Didima, akaenda kupanga foleni.

"Jina?" aliuliza karani, bila kuinua macho.

"Horioni, mjukuu wa Tamista."

"Alama ya mwilini?"

"Sina."

Karani akashusha sauti. "Niandike kama kile cheti cha kwanza?"

"Hapana. Leo andika ninachosema. Mimi ni Mkristo."

Nyuma yake kwenye foleni, wasichana wawili waliofundishwa na bibi waliangaliana. Mmoja akafungua kiganja, ubani aliokuja kuuchoma ukaanguka chini. Wa pili naye akafungua chake.

Askari walikuja. Miguu ya Horioni ilitetemeka kuliko siku zote, lakini safari hii haikwenda popote.